Unaenda Tattoo ya Edinburgh umevaa kilti? Soma hii kabla hujakodi chochote

Kila mwaka ikikaribia mwezi wa nane simu yangu haitulii, kuna jamaa wa London, kuna binamu zangu wa Muscat, kuna mtu kaja kutembea kutoka Tanga, na swali ni lile lile: kaka tumepata tiketi za Tattoo ya Edinburgh kule Uskoti, tunataka twende tumevaa kilti kamili kama wenyewe, yani lile vazi la marinda kama sketi la wanaume wa Kiskoti, tunaanzia wapi? Nimejibu kwa voisi mpaka koo limekauka, so leo naandika yote hapa, we soma taratibu afu fuata.

Kwanza hii tattoo sio ile ya kuchora mwilini. Neno limetoka kwa Waholanzi, doe den tap toe, yani funga bomba la pipa, zamani jioni ikifika wapiga ngoma wa jeshi walikuwa wanapita mitaani wakipiga ili wenye vilabu wafunge pombe na askari warudi kambini. Taratibu ikageuka kuwa onyesho la muziki wa jeshi. Hii ya Edinburgh ilianza rasmi 1950, inafanyika kila Agosti kwenye uwanja ulio mbele ya ngome ya mji huo, majukwaa yanachukua watu kama 8,800 kwa usiku mmoja, na mvua ya kawaida huwa haiisimamishi, ila korona iliizuia 2020 na 2021.

Afu kuna jambo moja naomba ulibebe kichwani kabla ya hatua yoyote. Mwaka 1746, baada ya vita ya Culloden ambayo waasi wa Uskoti walishindwa na jeshi la serikali, serikali ya Uingereza ilipitisha sheria ya kuwakataza wanaume na wavulana wa Uskoti kuvaa nguo za nyanda za juu, kilti na makoti ya tartani (kile kitambaa cha mistari ya rangi) marufuku, na sheria hiyo ikakaa mpaka 1782. Miaka 36! Wanajeshi wa serikali ndo walioachiwa. Kwa hiyo kwa miaka yote ile aliyeweza kutembea barabarani na kilti bila kukamatwa alikuwa askari, na ndo maana mpaka leo kilti na jeshi havitengani. We unaenda kukaa mbele ya watu ambao nguo hiyo kwao ni sare ya kazi na ni urithi wa waliokufa nayo. Msimamo wangu uko hapo na sibadilishi: vaa yote na uivae sawasawa, au vaa suruali yako na koti safi uende zako, hakuna atakayekuuliza kitu. Kuvaa nusu, kilti na raba na fulana ya mpira na kikofia cha dukani chenye nywele nyekundu za bandia, hapana jamani.

Na msiogope, Waskoti hawana hiyana na nguo yao. Mgeni akiivaa vizuri wanafurahi kabisa, watakusimamisha wakuulize tartani yako ni ya nani. Afu sisi watu wa pwani tuna mwanzo mzuri, mwanaume aliyekua na kikoi au msuli keshajua kukaa, kupanda ngazi na kutembea kwenye upepo bila suruali. Na uhusiano wenyewe wa zamani, wazee wa Mombasa watakwambia kulikuwa na ngoma za beni zinazoiga bendi za jeshi, huku beni la Kingi, kule beni la Skochi, na hilo Skochi ndo hao hao Waskoti.

Haya twende.

HATUA YA KWANZA, TIKETI. Hapa sikai sana. Tiketi huwa zinaanza kuuzwa mwaka wa nyuma yake, kama mwezi wa kumi au kumi na moja hivi, za katikati zinaisha mapema. Jukwaa lina umbo la U, pande mbili ndefu zinatazamana na upande mmoja mfupi unatazama lango la ngome. Mi napenda pande ndefu, safu za kati kwenda juu, manake bendi zikikaa kwenye mistari unaona mpangilio wao kwa chini. Kama mnatoka nje mnahitaji viza basi tiketi na viza msiviache vikakimbizana, anza mapema.

HATUA YA PILI, TARTANI. Tartani ni ule mpangilio wa rangi za mistari kwenye kitambaa, na koo nyingi na regimenti, yani vikosi vya jeshi, zina wake. Swali la kila mtu: mi sina ukoo wa Uskoti, navaa ya nani? Jibu ni kwamba hakuna sheria ya kukukataza, ila kuna adabu. Zipo tartani za watu wote, kama Black Watch, ile ya kijani nzito na bluu nzito, Caledonia, na Royal Stewart nyekundu ambayo wenyewe unaiona mpaka kwenye makopo ya biskuti. Ambayo huigusi ni Balmoral, ile ni ya familia ya kifalme. Ushauri wangu kwa mara ya kwanza chukua Black Watch, imetulia, inakubali koti la rangi yoyote. Mmasai mmoja rafiki yangu alichagua nyekundu kwa sababu ilimkumbusha shuka ya kwao na akapendeza sana, so ukiwa na sababu yako moyoni, chagua hiyo.

HATUA YA TATU, VIPIMO NA KUKODI. Kilti nzuri ya mwanaume ni sufu nzito, kitambaa kama yadi 8, marinda yote nyuma, na mpya iliyoshonwa kwa mkono inagharimu mamia ya paundi, kwa hiyo kwa usiku mmoja kodi tu. Miji yote mikubwa ya Uskoti ina maduka ya kukodisha, wanakupa seti nzima. Zile nyepesi nyepesi za watalii usinunue, sio kwa ajili ya kuringa, ni kwamba upepo wa pale kilimani unainua kitambaa chepesi kama bendera, ila sufu nzito inashuka kwa uzito wake yenyewe. Ukitaka kumiliki, pita kwenye maduka ya mitumba ya misaada, mara nyingi unakuta kilti ya mzee imekaa miaka na bado nzima.

Sasa sikiliza vizuri kwenye vipimo. Kilti HAIKAI kiunoni unapovalia jinzi. Inakaa juu, usawa wa kitovu. Chukua futi ya fundi, zungusha kwenye kitovu bila kuvuta tumbo ndani, hicho ndo kipimo cha kwanza. Cha pili zungusha pale makalio yalipojaa zaidi. Cha tatu toka kitovuni shuka mpaka katikati ya pia ya goti, na huku mtu mwingine anakupimia, ukiinama mwenyewe kipimo kinapotea.

Mara yangu ya kwanza, duka moja liliniuliza tu saizi ya suruali kwa simu, nikawatajia, nikaletewa kilti ikakaa kwenye nyonga na pindo likapiga katikati ya muundi. Sikujua kama ni kosa. Nikapanda nayo mpaka foleni ya Castlehill, barabara inayopanda kwenda ngomeni, mzee mmoja aliyekuwa mbele yangu, kilti yake imefifia rangi lakini marinda yamenyooka kama rula, akageuka akanitazama magotini. Hakucheka hata kidogo. Akaniambia kijana njoo hapa pembeni, akafungua bizimu zangu moja moja, akaipandisha mpaka kitovuni, akazikaza tundu mbili zaidi, akanyoosha upande wa mbele kwa kiganja. Akasema yeye mwenyewe alikuwa anafanyiwa hivi hivi na sajini wake. Sikumuuliza jina lake, lakini kila nikivaa kilti naiskia ile mikono inavokaza. Ndo sababu nawasumbua na vipimo.

HATUA YA NNE, KUVAA KWENYEWE. Fanya kwa mpangilio huu, usiruke.

Anza na nguo ya ndani. Najua hadithi zote mlizosikia, za askari hawavai kitu ndani, we vaa bukta fupi ya rangi nzito. Nguo ni ya kukodi, viti viko kwenye ngazi, upepo upo. Mada imeisha.

Shati, afu SOKSI NA VIATU KABLA YA KILTI. Watu wengi wanakosea hapa, wanavaa kilti kwanza halafu kuinama kufunga kamba inakuwa taabu na marinda yanakunjamana. Soksi ni za sufu ndefu, unavuta juu afu unakunja, ule mkunjo ukae vidole vitatu chini ya goti, sio kugusa goti na sio kushuka kwenye shavu la mguu. Ndani ya mkunjo kuna mpira wa kushikilia una vitambaa viwili vinavyoning'inia, hivyo vikae upande wa nje wa mguu. Viatu vya kienyeji havina ulimi, vina kamba ndefu sana, unazisokota mara kadhaa mbele ya kifundo, zungusha nyuma, rudi mbele ufunge kidogo juu ya kifundo cha mguu. Usizipandishe mpaka kwenye shavu la mguu kama mcheza bale.

Sasa kilti. Ishike nyuma yako, marinda yakiwa kwenye makalio. Upande wa ndani unaanza, mkanda wake unapita kwenye tundu lililopo kiunoni kushoto unafungwa nje. Afu upande wa juu unafunika mbele na kwenda kulia, unafunga bizimu za kulia. Ukimaliza, ncha yenye nyuzi nyuzi iwe kulia kwako, mbele iwe bapa kabisa bila rinda hata moja. Nimeshaona watu wameigeuza marinda mbele, tena kwenye picha za harusi. Sasa piga magoti chini wima: pindo libaki juu ya sakafu kama sentimita mbili na nusu. Likilala chini, pandisha. Likiwa juu mno, shusha kidogo.

Kilti haina mfuko, kwa hiyo unavaa sporani, kile kibeti cha ngozi cha mbele, mnyororo wake unazunguka nyuma. Juu yake iache nafasi ya kiganja kimoja kutoka kwenye bizimu ya mkanda. Ile ya ngozi tupu ni ya mchana na shughuli za kawaida, yenye manyoya ni ya karamu. Simu, kadi na tiketi vyote humo, usijaze mpaka ikavimba.

Pini ya kilti inakaa chini kulia, na hii muhimu sana, ichome upande wa juu PEKE YAKE. Ukishona pande mbili pamoja, ukipiga hatua ndefu au ukikaa kitambaa kinachanika, na umekodi.

Koti: duka litataka kukupa lile fupi jeusi la vifungo vya fedha na tai ya kipepeo. Zuri, lakini lile ni la harusi na chakula cha usiku. We unaenda kukaa nje saa nzima na nusu usiku wa Uskoti, omba koti la tweed, kitambaa kizito cha sufu, na tai ya kawaida. Ukivaa kizibao usivae mkanda mpana juu ya kilti, ni kimoja au kingine.

Kwa akina dada na akina mama: kiasili mwanamke havai kilti ya kiume na sporani, anavaa sketi ya tartani, au gauni la kawaida na mtandio wa tartani unaopita begani kulia ukabanwa na bruchi. Bega la kushoto kwa desturi ni la wake wa machifu wa koo na wa makanali, so we bana kulia. Wanawake wa bendini ni suala jingine, wale wako kwenye sare na wanavaa kilti kama wenzao. Dada yangu anavaa hijabu, yeye alichukua sketi ndefu ya tartani mpaka kwenye viatu, koti jeusi, na shali ya sufu ya tartani ile ile, na usiku ule wamama wa Kiskoti walimsifia kuliko sisi wanaume wote watatu.

HATUA YA TANO, VITU VYA KUACHA NYUMBANI. Beji ya regimenti kwenye kofia, usivae kama hukutumikia. Manyoya marefu ya kofia, zile mbuni nyeusi, ni za askari. Kuna kisu kidogo kinachochomekwa kwenye soksi ya kulia, ni sehemu halali ya vazi hili na sheria ya Uskoti inalitambua kama vazi la kitaifa, lakini unaenda kwenye geti lenye ukaguzi na umati, kiache au chukua cha plastiki kisicho na makali. Anayesafiri kwa ndege asije akakiweka kwenye mzigo wa mkononi.

Kuhusu medali. Wengi tuna babu waliokuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki enzi za ukoloni), wa kwangu alikuwa Burma na medali yake bado ipo nyumbani kwenye kopo la chai. Desturi ya Waingereza ni kwamba medali ya marehemu mtu wa damu yako unavaa kifua cha KULIA, kushoto ni kwa aliyeipata mwenyewe. Mi naivaa siku ya kumbukumbu mwezi wa kumi na moja, kwenye Tattoo naibeba ndani ya sporani, sioni haja ya kuionyesha ila nataka awepo.

HATUA YA SITA, NJIANI. Shuka stesheni ya Waverley, kutoka uwanja wa ndege kuna tramu mpaka mjini. Kutoka Waverley ni kupanda kwa miguu, na mwezi wa nane mji umejaa watu wa matamasha so usihesabu dakika za kwenye ramani, zidisha mara mbili. Barabara ya Royal Mile ni mawe, soli za hivi viatu ni ngozi, mvua ikinyesha zinateleza vibaya, tembea mguu mzima chini. Agosti usiku unaweza kushuka mpaka nyuzi 11 hivi, kwa hiyo fulana ya ndani ya kubana na koti la mvua jepesi linalokunjika. Mwavuli usibebe, kwenye jukwaa hauwezi kuufungua, utamziba wa nyuma.

Kabla hujapanda ngazi za jukwaa kumbuka mkono mmoja nyuma unashika marinda, kama mnavyoona mama zetu wakipanda basi. Na kukaa kuna namna: simama, pitisha nyuma ya mkono chini ya makalio ukilaza marinda yasikunjamane, kaa, afu acha sporani ianguke katikati ya mapaja, uzito wake unashusha kitambaa mbele. Magoti pamoja. Viti vimebanana, nguo ya jirani itagusa yako, ni kawaida.

HATUA YA SABA, ONYESHO. Hapa sasa. Mwanga wa mwisho unakuwa bado upo juu ya ngome, lango limefungwa, afu kimya. Bendi ya bagpaipu, yale mazumari ya Kiskoti yenye mfuko wa hewa, haianzi na zumari, sikiliza ngoma kwanza: mvingirisho mmoja, wa pili, na hapo hapo mikono yote inabana mifuko kwa pamoja na sauti inatoka yote mara moja, huku wanakuja mguu mmoja kutoka langoni, mbele yupo mkuu wa ngoma na fimbo yake ndefu, mamia ya kilti zinapiga upande huu, upande huu. Utaiskia kifuani kabla ya masikioni.

Kwa waliokua na zumari la pwani, tofauti ni hii. Mpiga zumari wetu anajaza mashavu na kuvuta hewa kwa pua ili sauti isikatike. Mwenzake wa Kiskoti ana mfuko wa kumfanyia kazi hiyo, mdomo unajaza, kiwiko kinabana, na hewa inaenda sehemu mbili, kwenye zumari lenye sauti tisa tu linalopigwa na vidole, na kwenye mabomba matatu ya begani yanayounguruma sauti moja mwanzo mpaka mwisho. Haliwezi kunyamaza katikati ya wimbo wala kupunguza sauti. Ndo maana wanapamba kila sauti kwa vidole vya haraka haraka, ukiwa karibu angalia vidole usiangalie kofia.

Bendi za nchi nyingine huwa zinaalikwa. Za Oman zimeshafika pale, na watu wa Muscat mnajua kwenu kuna bendi ya bagpaipu inayopiga ikiwa juu ya ngamia, so binamu zangu nyie msijione wageni.

Adabu zenyewe chache. Makofi piga sana, wakiingia na wakitoka. Wimbo wa taifa ukipigwa simama, kofia vua. Kuelekea mwisho watu wote wanaimba Auld Lang Syne, wimbo wa Kiskoti wa kuagana, wakishikana mikono na majirani, na mikono inapishanishwa kifuani kwenye ubeti wa MWISHO tu, usianze mapema, subiri uone wenyewe.

Afu kuna wakati taa zote zinazimwa. Mpiga bagpaipu mmoja anatokea juu kabisa ya ukuta wa ngome, taa moja juu yake, peke yake. Hapo weka simu ndani ya sporani tafadhali. Watu karibu elfu tisa na unasikia mtu anameza mate. Kuna mwaka mvua ilikuwa inanyesha nyembamba na unaiona inapita kwenye ile taa yake, jirani yangu, mama mtu mzima, alikuwa analia bila sauti, nikamshika mkono, hatukuambiana kitu.

HATUA YA NANE, KUTOKA NA KURUDISHA. Usikimbilie ngazi, mteremko wa Castlehill unajaa mpaka hausogei, kaa dakika kumi. Ukifika nyumbani kilti itakuwa na unyevu, USIWEKE kwenye hita na usipige pasi ikiwa mbichi. Itundike kwa hanga ya klipu, ukishika kiunoni, nyoosha marinda moja moja kwa vidole kutoka juu kwenda chini, iache chumbani usiku kucha. Soksi geuza nje ndani. Gazeti ndani ya viatu. Sporani ifungue, toa kila kitu, mi niliwahi kurudisha ya kukodi na medali ya babu imo ndani na nikakimbia nusu saa kuifuata.